Shajara ya mradi: kitabu kidogo cha wahakiki wa Qing

9 Januari

Nimeanza. Nimefungua daftari jipya, nikaandika ninachotaka kufanya ili nisije nikajidanganya baadaye: kitabu kidogo cha Kiswahili, kurasa 120 hivi, kuhusu wanazuoni wa Kikonfusio wa China katika enzi ya Qing (1644–1912), hasa wale waliojitwika kazi ya kukagua vitabu vya kale neno kwa neno. Wachina huiita kaozheng. Kwa sasa mimi naiita uhakiki.

Chanzo chake ni kundi la WhatsApp la ukoo. Mwishoni mwa Desemba ilipita picha ya mzee mwenye ndevu ndefu, na chini yake maneno: "Chagua kazi uipendayo, na hutafanya kazi hata siku moja. Confucius." Nilisoma China miaka mitano, na Kichina cha kale nilikihenyea mwaka mmoja na nusu, basi nikajiona nina wajibu. Nikapitia Lunyu, mkusanyo wa mazungumzo yake na wanafunzi wake, sehemu zote 20. Maneno hayo hayamo. Nikaandika kwenye kundi: hayamo. Shangazi akajibu papo hapo: "Haya, hayamo. Lakini si maneno mazuri? Ubaya wake nini?"

Sikuwa na jibu ambalo lingesomeka kama adabu kwa mtu mzima. Nikamtumia dole gumba, nikaweka simu chini. Usiku nikakumbuka kwamba swali hilo hilo liliwahi kuwatoa jasho watu wenye elimu kubwa kuliko mimi, huko Jiangnan, kusini mwa mto Yangtze nchini China, miaka 300 iliyopita.

17 Januari

Mpango wa sura sita umekamilika, na najua utavunjika. Nimeanza pia kadi za istilahi: neno la Kichina upande mmoja, mapendekezo ya Kiswahili upande wa pili. Kadi 14 hadi sasa. Kadi ya xin ndiyo pekee iliyokwisha kwa dakika moja: moyo. Wanaoandika kwa Kiingereza wanahangaika nayo, maana kwao moyo ni hisia na akili ni kitu kingine. Sisi tunahifadhi shairi moyoni na tunashauriana na moyo.

28 Januari

Wiki nzima imeliwa na neno moja, jing. Ndilo jina la vitabu vyenyewe: cha Mashairi, cha Nyaraka, cha Mabadiliko, cha Matukio ya Machipuko na Vuli, vya Ada na kadhalika. Rasimu ya kwanza niliandika "misahafu". Mjomba, ambaye ndiye msomaji wangu wa kwanza na ni mshairi wa Kimvita wa siku nyingi, akanirudishia ukurasa na mstari mwekundu: "Msahafu ni mmoja, mwanangu. Tafuta jingine." Nikajaribu "maandiko matakatifu", likawa zito mno, maana vitabu hivi havikudaiwa kushuka kutoka mbinguni. Ni nyaraka za wafalme, nyimbo, kanuni za mazishi, hesabu za miaka.

Kisha nikarudi kwenye maana ya herufi yenyewe. Jing ni uzi wa urefu katika kitambaa kinachofumwa, ule unaotandazwa kwanza na kubaki palepale huku mwingine ukipita. Kiswahili kina neno lake, limelala kwenye kamusi na vijana wengi hawalijui: mtande. Na uzi wa upana ni mshindio. Kinachofurahisha ni kwamba Wachina nao waliendelea na taswira hiyo: vile vitabu vya utabiri na miujiza vilivyoibuka enzi ya Han na kujibandika pembeni ya vitabu vikuu viliitwa wei, yaani mshindio.

Kwa hiyo nimeamua: "vitabu vya mtande" mara ya kwanza, pamoja na maelezo, kisha "vitabu vikuu" kitabuni kote. Mjomba ameridhika. Amesema hata kama kitabu hakitatoka, mtande umerudi mjini.

12 Februari

Sura ya kwanza: kwa nini wakaanza kukagua. Nimeiandika mara tatu.

Jibu fupi ni 1644. Nasaba ya Ming ilianguka, Wamanchu wakaingia Beijing, na wasomi wakabaki wakiulizana walikosea wapi. Gu Yanwu (1613–1682) alikuwa na jibu kali: tulikaa tukizungumzia moyo na asili ya mtu huku nchi inaungua. Alikuwa akiwalenga wafuasi wa Wang Yangming (1472–1529), waliofundisha kwamba ukweli umo moyoni mwako tayari, na Gu aliona kwamba mtu mwenye ukweli wote moyoni hana haja ya kufungua kitabu. Kwake jambo hili halikuwa la vitabu tu. Mama aliyemlea, jeshi la Qing lilipouteka mji wao, alikataa chakula hadi akafa, akamuusia mwanawe asiitumikie nasaba ya pili. Hakuitumikia. Alitumia miaka yake ya mwisho akizunguka kaskazini na wanyama waliobeba vitabu. Akifika kwenye kivuko au ngome anawauliza askari wazee habari za mahali pale, na kinachopishana na alichosoma anafungua kitabu papo hapo kulinganisha.

Kilichonigusa zaidi ni barua yake kwa rafiki aliyemuuliza kitabu chake kimefika juzuu ya ngapi. Gu akamjibu kwamba waandishi wa siku zile ni kama wafua sarafu: wa zamani walichimba shaba milimani, hawa wananunua sarafu kuukuu na kuziyeyusha. Yeye, akasema, tangu waachane mwaka umepita, anasoma mchana na usiku, na amepata vipengele kumi na kitu tu.

Kumi na kitu kwa mwaka! Nami nilikuwa nimejiwekea kurasa tano kwa wiki. Kitabu hicho, Rizhilu, kwa jina lake ni kumbukumbu ya yale anayoyajua mtu siku baada ya siku, kwa hiyo hata yeye alikuwa anaandika shajara. Kilitoka kamili 1695, yeye akiwa kaburini miaka 13, kwa juhudi za mwanafunzi wake.

25 Februari

Umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, kompyuta ikafa. Fundi ameokoa picha za arusi ya binamu yangu, hakuokoa sura ya pili. Kadi za karatasi ziko salama kwenye boksi la viatu. Sina la kuongeza.

10 Machi

Sura ya pili, tena. Hii ni sura ya sauti, na ndiyo niliyoiogopa zaidi: utawezaje kumweleza msomaji wa Kiswahili kuhusu vina vya Kichina cha zaidi ya miaka 2,500 iliyopita bila kumpoteza?

Tatizo ni hili. Kitabu cha Mashairi kina vina, lakini ukikisoma kwa matamshi ya baadaye, mahali pengi vina havikubali. Kwa karne nyingi walimu wa China walisema washairi wa kale hawakuwa wakali kwenye vina, au wakabadilisha matamshi ya neno papo kwa papo ili mstari ukae sawa. Ndipo akaja Chen Di (1541–1617), mwanajeshi mstaafu wa Fujian, akasema mnakosea. Zama zina kale na sasa, nchi ina kusini na kaskazini, herufi hubadilika na sauti huhama. Kina hakikuvunjika, ni masikio yetu yaliyosogea. Mwaka 1606 alitoa kitabu chenye ushahidi, neno moja moja. Ushahidi aliugawa mafungu mawili: wa ndani, kutoka Kitabu cha Mashairi chenyewe, na wa nje, kutoka maandishi mengine ya zama za karibu.

Nilimsomea mjomba kwenye simu rasimu ya aya hiyo. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Ngoja." Nikasikia karatasi. Akanisomea ubeti ulionakiliwa na kijana fulani wa bara, vina vyake vya mwisho vikienda kito, moto, pato, macho.

"Umesikia?"

"Nimesikia, mjomba. Cha mwisho kimevunjika."

"Hakikuvunjika. Mshairi hakusema macho, alisema mato. Huyu aliyenakili ndiye aliyesema macho, kwa kuwa kwao ni macho. Sasa mwandikie huyo Mchina wako umwambie sisi twalijua hilo."

Ndiyo hivyo. Kama ungekuwa hujui kabisa kwamba Kimvita na Kiamu husema mato, ubeti ule peke yake ungekufundisha, mradi ukubali kwamba mshairi alijua kazi yake. Chen Di alifanya hivyo, na Gu Yanwu akaichukua njia yake akaipeleka mbali. Neno fu, "kuvaa" au "kutii", Gu alidai zamani lilitamkwa karibu na bi, na kulithibitisha akakusanya mifano 162. Mia na sitini na mbili, kwa silabi moja. Aliyagawa maneno ya kale katika mafungu 10 ya vina. Jiang Yong akayafikisha 13, Duan Yucai 17, Wang Niansun 21. Kila mmoja alisimama juu ya daftari la mwenzake, na hakuna aliyeona haya kumsahihisha aliyemtangulia.

Nimefuta kurasa nne za maelezo ya fonolojia, nikaweka ubeti wa mjomba badala yake.

19 Machi

Kadi 61. Ru bado inanitesa. "Mkonfusio" linasikika kama muumini wa dini fulani, ilhali ru alikuwa msomi wa vitabu vikuu, iwe ni mwalimu wa kijiji au waziri. Nimeweka "mwanazuoni", na pale panapohitajika, "mwanazuoni wa Kikonfusio".

6 Aprili

Sura ya tatu, Yan Ruoqu (1636–1704), moyo wa kitabu. Wiki mbili hizi nimelala na kuamka naye.

Kwanza historia ya Kitabu cha Nyaraka, kwa haraka. Mwaka 213 KK nasaba ya Qin iliamuru vitabu vichomwe. Mzee Fu Sheng alificha nakala yake ukutani. Alipokuja kuitoa, zilikuwa zimebaki sura chini ya 30. Baadaye ikasemekana kwamba katika ukuta wa nyumba ya Confucius ilipatikana nakala nyingine, ya herufi za kale, yenye sura zaidi, na mzao wake Kong Anguo akaishughulikia. Nakala hiyo ikapotea. Kisha, mwanzoni mwa karne ya 4 baada ya Kristo, mtu aitwaye Mei Ze akaleta mbele ya mfalme wa Jin Mashariki kitabu kizima: sura za Fu Sheng pamoja na nyingine 25 "za herufi za kale", na juu yake ufafanuzi wa Kong Anguo mwenyewe. Kikapokewa. Miaka zaidi ya elfu moja wanafunzi wa China walikihifadhi kwa moyo.

Yan alikuwa na miaka 20 alipozifikia zile sura 25, na kitu kikamkwama kooni. Zilikuwa laini mno. Sura za Fu Sheng ni ngumu kama kokwa, hizi zinateremka kama uji. Aliishi na shaka hiyo zaidi ya miaka 30. Hoja zake alizipa namba hadi 128, na baadhi ya namba ziko tupu, kana kwamba alimwekea mtu kiti ambaye hakufika.

Hoja ninayoipenda zaidi ni ya Jincheng. Ule ufafanuzi wa Kong Anguo unasema mlima Jishi uko kusini-magharibi mwa Jincheng. Yan akafungua historia ya Han: jimbo la Jincheng liliundwa mwaka 81 KK, na Kong Anguo alikuwa amekwisha kufa, tena akiwa bado kijana. Ni sawa na mtu akuletee barua anayodai iliandikwa 1890, nawe ukute ndani yake neno "Tanzania". Huhitaji kujadili uzuri wa mwandiko.

Halafu kuna herufi 16. Ziko katika mojawapo ya zile sura 25, "Mashauri ya Yu Mkuu", na zinasemwa kuwa wosia wa mfalme Shun kwa mrithi wake. Kwa Kiswahili changu, baada ya majaribio kumi na moja:

Moyo wa mtu u hatarini. Moyo wa Njia haushikiki kwa wepesi.
Chambua, uwe mmoja, ushike kwa dhati ile kati.

Zhu Xi (1130–1200), ambaye ufafanuzi wake ndio uliotahiniwa katika mitihani ya serikali kwa karne nyingi, alizisimika mwaka 1189 katika dibaji yake ya Zhongyong, kimojawapo cha vitabu vya Kikonfusio, kama kiungo kilichounganisha wafalme watakatifu na mafundisho yote yaliyofuata. Kila kijana aliyeota cheo alizijua. Yan akaonyesha zilikoshonwa: vipande vya moyo wa mtu na moyo wa Njia vimo katika Xunzi, mwanazuoni wa karne ya 3 KK, ambaye yeye mwenyewe anasema anavinukuu kutoka kitabu kingine, na "shika kwa dhati ile kati" imo katika Lunyu, sehemu ya 20. Mghushi alichukua huku na huku, akaongeza uzi wake, akatundika nguo kwenye kigingi cha Shun.

Kufikia hapa nilikuwa nimesahau habari za shangazi. Kisha nikasoma dibaji ambayo Huang Zongxi (1610–1695) aliiandikia kazi ya Yan. Huang anakumbuka kwamba rafiki yake mmoja alimwambia zamani: wote wanaofundisha chanzo chao ni maneno hayo, sura hiyo isingekuwapo, elimu yetu ingekatika, basi yawezekanaje iwe ya kughushi?

Shangazi yangu mtupu. Kwa adabu zaidi kidogo, lakini ni yeye.

Jibu la Huang baada ya kumsoma Yan ni la mtu aliyechoka: kumbe herufi hizo 16 ndizo mdudu aliyekuwa akiitafuna elimu hiyo.

21 Aprili

Nilidhani sura ingeishia hapo: ushahidi ukatolewa, uongo ukaanguka. Haikuwa hivyo, na nimelazimika kuongeza kurasa 11.

Kazi ya Yan ilizunguka kwa mikono tu alipokuwa hai, ikachapishwa 1745, zaidi ya miaka 40 baada ya kifo chake. Mao Qiling aliandika utetezi mkali wa zile sura 25. Hui Dong (1697–1758) wa Suzhou, aliyemfuata Yan, akafikia hukumu ileile kwa njia yake. Katikati ya karne ya 18 wenye kujua walikuwa wamekwisha kujua. Na mitihani iliendelea kutahini sura zilezile.

Gong Zizhen (1792–1841) amesimulia kwamba kulikuwa na watu waliotaka zile sura ziondolewe kwenye mitihani, na aliyewazuia ni Zhuang Cunyu (1719–1788) wa Changzhou, mtu mkubwa serikalini na mwalimu katika jumba la kusomea la wana wa mfalme. Zhuang hakuwa mjinga. Hoja za Yan alizijua. Lakini, akasema, ukiitupa sura ile, umetupa maneno ya moyo wa mtu na moyo wa Njia, na katika sura hiyohiyo umetupa maneno yanayomkataza mtawala kuua asiye na hatia ili tu asikose mwenye hatia. Vitu hivyo mwana wa mfalme atavisoma wapi?

Nimekaa na aya hiyo siku tatu. Nilitaka kumfanya Zhuang kuwa adui wa kitabu changu, amenishinda. Mtu anayekaa karibu na upanga ana sababu ya kutaka maandishi yanayouzuia yabaki, hata kama yalishonwa na mghushi. Bado naamini Yan alifanya haki. Ila sitaandika tena kwamba waliompinga walikuwa vipofu.

9 Mei

Sura ya nne, Dai Zhen (1724–1777). Mtoto wa mfanyabiashara mdogo wa nguo wa Xiuning, Huizhou. Kisa chake cha utotoni kimesimuliwa na wanafunzi wake. Huenda kimepigwa msasa, lakini mtu anajulikana ndani yake. Ana miaka 10, anasoma Daxue, kitabu kifupi cha Kikonfusio. Anamuuliza mwalimu: tunajuaje kwamba haya ni maneno ya Confucius yaliyopokelewa na mwanafunzi wake Zengzi? Mwalimu: kasema Zhu Xi. Zhu Xi aliishi lini? Enzi ya Song Kusini. Na Confucius? Zhou. Kati ya Zhou na Song kuna miaka mingapi? Karibu 2,000. Basi Zhu Xi alijuaje?

Mwalimu hakuwa na jibu. Msomaji aliyekulia kwenye darsa za pwani ataona mara moja kijana anadai nini: anadai isnadi. Nani kamsikia nani. Nimeliacha neno hilo liingie kitabuni bila kuomba radhi, ila kwa tahadhari moja: wanazuoni wa hadithi walipima watu waliopokezana, Dai na wenzake walipima zaidi maandishi yenyewe, sauti zake, majina ya mahali, hesabu za kalenda.

Anavyofanya kazi ni kama hivi. Mwanzoni mwa Kitabu cha Nyaraka imeandikwa kuhusu mfalme Yao kwamba "nuru" yake ilifika pande nne. Herufi ni guang, rahisi, kila mtu anaijua. Mwaka 1755 Dai alimwandikia rafiki yake Wang Mingsheng kwamba haamini ni nuru. Ufafanuzi wa kale unaieleza kama "kujaa", na nuru haielezwi hivyo. Kwa hiyo lazima hapo mwanzo ilikuwa herufi nyingine, heng, "kutandaa". Ushahidi wa moja kwa moja hakuwa nao. Alisema ipo siku utapatikana. Miaka miwili baadaye Qian Daxin akamletea maneno "kutandaa pande nne" kutoka historia ya Han ya Baadaye, na Yao Nai akaleta mengine kutoka kwa Ban Gu. Kisha wengine wakaleta zaidi. Nimeirudia habari hii mara nyingi kwa sababu hakuna mahali pengine kitabuni ambapo unamwona mtu akitaja mahali pa kuchimba kabla ya maji kuonekana.

Serikali ilimwita Dai 1773 kwenye mradi mkuu wa Siku Quanshu, mkusanyo wa vitabu wa himaya, nakala saba za mkono, kila moja majuzuu 36,000 hivi. Alikuwa ameanguka mtihani wa juu tena na tena. 1775 mfalme Qianlong akampa shahada kwa hisani. Miaka miwili baadaye akafa.

18 Mei

Li. Kadi ya mwisho kubwa. Kwa Zhu Xi na warithi wake ni ile kanuni ya mbinguni iliyomo katika kila kitu, na ndani ya moyo. Niliandika "kanuni", nikaiacha. Dai anapinga hapo hapo kwenye neno: li, anasema, asili yake ni mistari iliyomo ndani ya vitu, kama ya nyama na ngozi. Kamusi ya kale inalieleza kama kulichonga jiwe la thamani la yedi (jade), ambalo fundi hulipasua kwa kufuata mishipa yake.

Nikaenda kwa seremala wa mtaa wetu, nikamuuliza ile mistari ya mbao anayoifuata akipiga randa wanaiitaje. Akaniangalia kama niliyechelewa kuzaliwa. "Nyuzi. Ukienda kinyume chake mbao inararuka." Kwa hiyo kadi sasa inasema: kwa Zhu Xi, kanuni, kwa Dai Zhen, nyuzi. Ugomvi wao wote unaonekana kwenye kadi moja.

Na haukuwa ugomvi wa maneno. Dai aliona wakubwa wakiwakandamiza wadogo kwa jina la kanuni, mzee dhidi ya kijana, mwenye cheo dhidi ya asiyenacho, na mdogo hata akiwa na haki hana pa kusemea. Mtu akiuawa na sheria, aliandika, wapo watakaomhurumia. Akiuawa na li, nani atamhurumia?

30 Mei

Mapumziko yasiyo mapumziko: nimeingiza kurasa mbili kuhusu Wang Zhaoyuan (1763–1851), aliyeandika ufafanuzi wa Wasifu wa Wanawake kwa mbinu hizihizi za wahakiki, huku mumewe Hao Yixing akifafanua kamusi ya kale ya Erya. Nyumba moja, mafundi wawili. Nilikuwa nimempangia aya moja tu, aibu yangu.

11 Juni

Sura ya tano ni ya kamusi na hofu. Kamusi ya mfalme Kangxi ilitoka 1716, herufi zaidi ya 47,000. Wang Xihou, msomi wa Jiangxi, aliona ni ngumu kutumia, akatengeneza yake iliyopangwa kwa maana. Katika maelezo ya mwanzo aliyaandika kamili majina ya Confucius na ya wafalme wa Qing ili vijana wajue ni herufi zipi za kuepuka, maana ilikuwa mwiko kuyaandika majina hayo. Kwa hilo, mwaka 1777, akakatwa kichwa. Ni mwaka uleule aliokufa Dai Zhen kitandani mwake Beijing, akiwa katika ajira ya mfalme yuleyule.

Mwaka 1831, kwa amri ya serikali, Wang Yinzhi (1766–1834), mtoto wa Wang Niansun wa vina, alikamilisha ukaguzi wa Kamusi ya Kangxi. Alisahihisha makosa 2,588.

Nimeziweka habari hizi mbili ubavuni kwa ubavu, sikuandika sentensi ya kuziunganisha.

24 Juni

Hali ya kazi: sura tano zimeandikwa, tatu zinasomeka, kadi 112. Sura ya sita, ya mitihani kufutwa 1905, bado ni vijikaratasi.

Nimeongeza ukurasa mmoja mwishoni mwa sura ya tatu. Mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Tsinghua, Beijing, kilipokea vipande vya mianzi vilivyoandikwa karibu mwaka 305 KK, kabla Qin haijachoma kitu. Humo mmekutwa sura zenye mada ya baadhi ya zile 25, na maneno yake ni tofauti na yale aliyoyaleta Mei Ze. Nilimtumia shangazi picha ya mianzi hiyo. Akajibu: "Mashaallah, mwandiko mzuri." Kisha akaniletea nukuu nyingine ya Confucius, hii ya kuhusu almasi. Sijaanza kuitafuta.

Mjomba amerudisha sura ya tatu kwa mkono wa dereva wa basi, ndani ya bahasha ya kaki. Nyekundu tupu. Ukurasa wa tisa amezungushia neno "aligundua", pale nilipoandika kwamba Yan Ruoqu aligundua ughushi, akauliza pembeni: "Peke yake?" La, si peke yake. Wu Yu alishuku tangu karne ya 12, Mei Zhuo wa enzi ya Ming aliandika kitabu kizima, na Zhu Xi mwenyewe, yule yule aliyejenga nyumba yake juu ya herufi 16, alishangaa kwa nini zile sura ni rahisi kuliko nyingine. Nimefuta "aligundua", nimeandika "alithibitisha". Zimebaki duara nyekundu 62.